Alama Mbili za Swali la Kumi na Moja

Kanamkemer, Lodwar
Februari 2013

Asinyen mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa uani. Uko ndani na mama yako, mmefungua sanduku kwa mara ya tatu kuhakikisha kwamba sare zote zimo, na yeye anakueleza tena jinsi ya kufunga chandarua. Mambo ya sabuni, ya kufuli na ya kutoazimisha viatu amekuambia vya kutosha. Sina la kuongeza hapo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiturkana tunakisema tu, sikuwahi kufundishwa kukiandika vizuri, na Kiingereza changu ni cha ripoti za shule. Ningeweza kukuita hapa tukazungumza. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nilikuuliza kama umenunua rula. Mara ya pili gari la kampeni lilipita na vipaza sauti vyake, nikashukuru kwamba limepita.

Ninalotaka kukuambia linahusu ule mtihani wa ufadhili ulioufanya mwaka jana mwishoni mwa muhula wa pili. Ulipouliza ulikosea wapi, nilikujibu uongo. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, kwa mpangilio, kama ninavyowataka wanafunzi wangu waonyeshe kazi yao.

Lazima nianzie nyuma kidogo, ulipokuwa darasa la sita na mimi nikiwa mwalimu wako wa hesabu hapa Kanamkemer. Ulikuwa wa kwanza muhula wa kwanza, ukawa wa kwanza tena muhula wa pili. Jioni moja nilikwenda dukani kununua majani ya chai. Mama mwenye duka akanipa chenji yangu, akasema, huku akicheka, "Mwalimu, yule msichana wako lazima aongoze. Karatasi za mtihani si zinalala kwako?"

Wanawake wawili waliokuwa pale wakacheka naye. Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani sikuwa nikicheka tena.

Tangu siku hiyo nilibadilika darasani, na wewe ndiye uliyeona kwanza. Ulikuwa ukiinua mkono, macho yangu yanapita juu yako kwenda dawati la nyuma. Daftari lako nililisahihisha la mwisho, na kosa ambalo kwa mwingine nilikuwa nikiliandikia "angalia tena", kwako niliweka alama ya kosa, basi. Siku moja tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu uliniuliza, "Baba, mbona nikiinua mkono hunioni?"

Nikakwambia, "Nakuona. Nataka na wengine wajaribu."

Ulikubali. Ulikuwa na miaka kumi na moja, na mtoto wa umri huo humwamini baba yake kuliko anavyoyaamini macho yake. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo haki. Watu walipoacha kusema maneno yao dukani, nikachukua kunyamaza kwao kuwa uthibitisho.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kakuma, nikawa narudi nyumbani Ijumaa tu. Ukaendelea vizuri bila mimi, pengine vizuri zaidi. Ndipo ukaja mtihani wa ufadhili. Unakumbuka ulivyoutaka. Nafasi ilikuwa moja tu kwa shule zetu za upande wa Lodwar, na nyingine kwa shule za Kakuma na za kambi ya wakimbizi, katika ile shule ya wasichana ambayo picha ya maabara yake uliibandika ukutani. Hesabu haikuwa ya kuchagua A, B, C au D kama mtihani wa taifa. Ilikuwa ya kuandika: swali, nafasi tupu, na mtoto aonyeshe alivyofikiri.

Usahihishaji ulifanyika Kakuma wakati wa likizo ya Agosti, katika ukumbi wa shule moja. Tulikuwa walimu kumi na wawili, wengine wenyeji, wengine wakimbizi wanaofundisha kambini. Kiongozi wetu alikuwa Madam Nekesa, mwalimu wa miaka mingi, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Asubuhi ya kwanza alitupa kanuni. Kila mwalimu atasahihisha swali moja kwenye karatasi zote. Karatasi zina namba, hazina majina. Kisha akasema, "Ukitambua karatasi ya mtoto wako, au ya mtoto wa ndugu yako, usiiguse. Niletee mimi. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Aliyasema hayo polepole, na nilikuwa nimekaa mbele.

Mimi nilipewa swali la kumi na moja, la aljebra. Nadhani hujalisahau. Mama mmoja ana madumu kumi na mawili ya maji. Makubwa yanachukua lita ishirini, madogo lita tano. Yakijaa yote, ana lita mia moja sitini na tano. Madumu makubwa ni mangapi? Alama nne. Mwongozo wa kusahihisha ulisema: alama moja kwa kuyapa madumu makubwa herufi, moja kwa kuunda mlinganyo, moja kwa kuutatua, moja kwa jibu, ambalo ni saba. Chini kabisa palikuwa na sentensi moja: njia nyingine yoyote iliyo sahihi na inayoonekana ipewe alama zote.

Kusahihisha swali moja mara mamia ni kazi ya ajabu. Baada ya saa moja husomi tena, unatazama tu. Wengi waliandika x, wakaweka ishirini x, kisha wakasahau kwamba madumu madogo nayo yanategemea x hiyohiyo. Wengine waligawanya mia moja sitini na tano kwa ishirini na tano, sijui kwa nini. Mmoja aliandika jibu "saba" peke yake, pembeni akachora madumu mazuri sana. Nilimpa alama moja.

Alasiri ya siku hiyo nilikutana na karatasi kutoka shule za kambini, bila x mahali popote. Mtoto aliandika kwamba kama madumu yote kumi na mawili yangekuwa madogo, maji yangekuwa lita sitini. Zinapungua lita mia moja na tano. Kila dumu dogo likibadilishwa kuwa kubwa, zinaongezeka lita kumi na tano. Mia moja na tano ukigawanya kwa kumi na tano ni saba. Nilikaa nikiitazama. Nikamwonyesha Mwalimu Deng, Msudani Kusini aliyekuwa benchi moja nami akisahihisha swali la kumi.

"Huyu ametoa hii kwa kichwa yake," akasema. "Hajaambiwa na mtu."

"Nampa zote nne."

"Toa! Hata tano kama iko."

Tulicheka, nikaandika nne, nikaizungushia duara. Nilifurahi hadi usiku. Nilijihisi mwalimu mzuri.

Kesho yake, kabla ya chai ya saa nne, nilifungua bahasha ya shule zenu. Karatasi ya nane au ya tisa, nikaona saba yenye mkato katikati. Mimi ndiye niliyekufundisha kuikata saba hivyo, ukiwa na miaka mitano, kwenye mchanga huu wa uani ninapokalia sasa. Halafu nikaiona nne yako iliyo wazi juu, na jinsi unavyopiga mstari mara mbili chini ya jibu. Sikuwa na shaka.

Hapo nilipaswa kusimama. Meza ya Madam Nekesa ilikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikwenda. Sababu ya kwanza ni kwamba niliwaza walimu wangegeuka kunitazama, na kila mmoja angejua kwamba mtoto wangu yumo kwenye mtihani ninaousahihisha. Sababu ya pili ni ndogo zaidi, na inaniaibisha zaidi. Nilitaka kuona umefanya nini.

Ulikuwa umefanya vilevile. Madumu yote yawe madogo, lita sitini, pungufu mia moja na tano, badilisha moja moja, saba. Ulikuwa hata umeongeza mstari ambao yule mtoto wa kambini hakuuweka: ulirudi ukahakikisha, makubwa saba ni lita mia moja na arobaini, madogo matano ni ishirini na tano, jumla inatimia. Kazi yako ilikuwa safi kuliko ile niliyoifurahia jana yake.

Nikaandika mbili.

Nataka uelewe kwamba sikukasirika wala sikuwa nimechoka. Nilifikiri hivi: hakuna x, mwongozo unataka herufi na mlinganyo, alama mbili haziko, na mtu akija kuuliza siku moja, hakuna atakayesema mwalimu alimpendelea binti yake. Nilifikiri hayo yote kwa muda usiozidi ule wa kufungua kalamu. Sentensi ya chini ya mwongozo niliikumbuka pia. Sikuisoma.

Deng aliona. Sijui alikuwa ameanza kutazama lini.

"Rafiki," akasema kwa sauti ya chini, "hii si iko kama ile ya jana? Jana wewe alitoa nne."

"Hii haina x."

"Ile ya jana pia haikuwa na x."

Nikageuza karatasi, nikaiweka juu ya zile zilizokwisha. "Kila mtu na swali lake, Mwalimu."

Akanitazama kidogo. "Sawa. Kalamu iko kwa mkono yako."

Siku ya tatu, tulipomaliza, Madam Nekesa alisimama akauliza kama kuna yeyote mwenye karatasi anayotaka kuirudia kabla bahasha hazijafungwa. Alisubiri. Mwalimu mmoja wa nyuma aliomba mbili, akapewa. Mimi nilikuwa nafunga mfuko wangu.

Orodha ilipotoka ulikuwa wa pili kwa upande wa Lodwar. Msichana wa kwanza alikuzidi kwa alama mbili. Nafasi aliipata kwa haki, naye sina neno naye, na wewe usiwe nalo. Lakini kanuni ilikuwa kwamba wakilingana wawili, wote wanaitwa kwa mahojiano. Kama ningeandika nne mngeitwa nyote wawili. Baada ya hapo sijui. Huenda angekushinda. Huenda ungemshinda. Hilo sitalijua kamwe, wala wewe hutalijua, na ni mimi niliyefanya lisijulikane.

Ijumaa ile nilirudi na orodha mfukoni. Ulikuwa umeyarudia maswali yote nyuma ya katoni ya biskuti, ukinisubiri mlangoni. Hukulia nilipokwambia. Ulisema, "Baba, nilikosea wapi? Lile la madumu si nililipata?"

"Jibu ulilipata. Njia hukuionyesha."

"Niliionyesha."

"Hukuionyesha inavyotakiwa."

Ulichukua dumu ukaenda kuteka maji, ingawa ndani yalikuwepo. Ile katoni sikuiona tena.

Mwezi wa kumi na mbili Mwalimu Deng alikuwa anarudi kwao kupitia mpaka wa Nadapal, kufundisha katika mji alikozaliwa. Nilikwenda kambini kumuaga. Alikuwa amekwisha gawa vitu vyake vingi, tukakaa juu ya mkeka mmoja uliobaki. Tulizungumza juu ya barabara na juu ya mvua. Nilipoinuka akasema, "Ile karatasi ilikuwa ya mtoto yako."

"Umejuaje?"

"Nimeona wewe ukiandika namba siku tatu. Saba yako na saba yake iko baba moja." Halafu akasema, "Mimi pia nilinyamaza. Ningeenda kwa Madam. Nilisema, mimi ni mkimbizi, huyu ni mwenyeji, nisilete maneno. Sasa ninaenda, na bado iko kwa roho yangu. Mwambie yeye."

Nikamwahidi. Yeye alivuka, na mimi nikakaa na ahadi hiyo Krismasi nzima.

Januari nilikwenda kumtafuta Madam Nekesa. Alikuwa amehamia ofisi moja hapa Lodwar mjini. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, maana kiti kilikuwa na mafaili. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafungua kabati, akatafuta bahasha, akaiweka karatasi yako mbele yetu. Aliisoma mwenyewe, polepole, kidole chake kikifuata mistari.

"Ni nne," akasema.

"Naomba niibadilishe. Hata kama haisaidii."

"Hapana. Orodha imefungwa, msichana mwingine ameshapewa barua yake. Ukibadilisha leo utakuwa unajitibu wewe." Akairudisha karatasi ndani ya bahasha. "Siku ile ungeniletea, Mwalimu, ningetumia dakika moja."

Nilimuuliza nifanye nini. Akasema hataniita tena kusahihisha, na kwamba hayo mengine si ya ofisi yake. Sikubisha. Niliporudi nyumbani uliniuliza nimetoka wapi, nikasema mjini.

Nilidhani pengine ningeacha hapo. Ulikuwa umefanya vizuri mtihani wa taifa, umepata shule nzuri Kitale, mama yako anaimba akipika. Lakini wiki mbili zilizopita tulikuwa tunafunika madaftari, wewe ukikata karatasi na mimi nikikunja. Ukafika kwenye daftari la hesabu, ukaliweka chini ya mengine yote, ukasema, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja rangi ya nguo, "Hili nitalifanya tu kwa sababu ni la lazima. Akili yangu si ya hesabu. Hata wewe unajua."

Hata wewe unajua. Nimeyasahihisha mengi maishani mwangu, lakini sijawahi kusoma matokeo ya kazi yangu wazi namna hiyo.

Sikuombi upende hesabu. Ukiichukia kwa sababu zako mwenyewe, ichukie. Ninachotaka ujue ni kwamba uamuzi huo umeufikia kwa kutumia ushahidi nilioupotosha mimi. Nimekuwa mwalimu miaka kumi na tisa. Njia uliyoiandika ukiwa darasa la nane hukufundishwa na mtu, na walimu wawili watu wazima waliiona kwenye karatasi ya mtoto mwingine wakafurahi hadi wakacheka. Nakwambia hilo kama mwalimu. Kama baba sina haki ya kukusifia leo.

Nilidhani kosa langu lilikuwa siku moja, kalamu moja. Nikiandika hivi naona lilianza siku niliyotoka dukani na majani ya chai. Niliogopa kuonekana nakupendelea, nikaanza kukunyima, na kukunyima kukawa rahisi kwa sababu hukulalamika. Watu waliniita mwalimu wa haki. Nililipenda jina hilo, na gharama yake uliilipa wewe, kidogo kidogo, bila kuambiwa. Huko uendako utakutana na watu watakaokuwa wakali kwako zaidi kuliko kwa wengine, na baadhi yao watakuwa watu wanaokupenda. Usidhani kila mara wanaona kitu ambacho wewe hukioni. Uliza. Ukijibiwa kama nilivyokujibu mlangoni, uliza tena, au nenda kwa mwingine aisome karatasi yako.

Na siku ukishika wewe kalamu nyekundu, ya aina yoyote ile, utakuta karatasi ya mtu unayemjua. Itafika tu. Mimi sina maneno mazuri ya kukupa kwa siku hiyo. Nilikuwa na hatua kumi za kutembea, sikuzitembea.

Mama yako nimemwambia leo mchana. Alikuwa anakunja shuka zako. Aliendelea kukunja hadi akamaliza, ndipo akasema, "Miezi sita unakula naye sahani moja." Hajasema lingine, na wala sitegemei aseme kwa leo.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku lako, uisome ukiwa Kitale. Kisha nikaona kwamba hiyo ingekuwa njia ya kukwepa uso wako. Kwa hiyo nitakupa mkononi sasa hivi, kabla ya chakula, nami nitabaki hapa nje. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Boda boda nimeagiza mbili, moja ya sanduku na wewe, moja ya atakayekusindikiza. Mama yako amesema yuko tayari kwenda. Mimi pia niko tayari. Utachagua wewe, na hutahitaji kunieleza sababu.

Baba yako